Nyumba, Ukoo na Shamba: Idadi ya Watu na Muundo wa Jamii katika Vijiji vya Kisii na Nyamira

Neno kijiji humjia msomaji wa Kiswahili likiwa na picha yake tayari: nyumba zilizokaribiana, njia ipitayo katikati, kisima au msikiti, na mashamba yakiwa nje. Picha hiyo huenda inafaa Pwani, na inafaa pia sehemu nyingi za Tanzania, hasa baada ya watu kukusanywa katika vijiji vya Ujamaa miaka ya 1970. Haifai hata kidogo katika nyanda za juu za Wagusii. Msafiri atokaye Keroka kuelekea Nyamira hataona mahali kijiji kinapoanzia wala kinapokomea. Ataona kilima baada ya kilima, miteremko iliyofunikwa kwa chai, migomba na mahindi, na nyumba zilizotapakaa kuanzia juu kileleni hadi karibu na kijito, kila moja ikiwa ndani ya shamba lake. Hata hivyo, mwenyeji akiulizwa mpaka wa kijiji chake uko wapi, ataunyoshea kidole bila kusita. Mpaka huo haufuati nyumba. Unafuata nasaba.

Makala haya yanakusudia kueleza ni akina nani wanaoishi katika vijiji hivyo, ni wangapi, na wamepangwa vipi. Yanakusudia pia kueleza jambo ambalo halijazungumzwa vya kutosha: kwamba eneo ambalo kwa miaka mingi lilitajwa kuwa mfano wa ongezeko kubwa la watu, sasa, angalau kwa upande wa Nyamira, linakaribia kutoongezeka kabisa.

Tarakimu na maana yake

Kwa mujibu wa sensa ya usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, nayo Nyamira ilikuwa na watu 605,576. Msongamano ulikuwa watu 957 kwa kila kilomita mraba katika Kisii na 675 katika Nyamira, ilhali wastani wa Kenya nzima ulikuwa 82. Mji wa Kisii, ambao wenyeji huuita Getembe au Bosongo, unachangia katika tarakimu hizo, lakini si mji unaozieleza. Wengi wa watu hao wanaishi mashambani.

Tarakimu za msongamano zikitajwa hivihivi hazimpi mtu hisia yoyote. Afadhali zigeuzwe kuwa ardhi. Kaya ya Kisii ilikuwa na wastani wa watu 4.1 katika sensa hiyo. Eneo lote la kaunti likigawanywa sawasawa kwa kaya zake, zikiwemo barabara, mito, viwanja vya shule, masoko na vilele vya mawe, kila kaya ingepata ekari moja na kidogo tu. Katika Nyamira ingepata takriban ekari moja na nusu. Hiyo ni hesabu ya ukarimu, maana barabara hazilimwi wala vilele havipandwi migomba, na ardhi haijagawanywa sawasawa. Tarafa za zamani za Kisii ya kati zimebanana kuliko Borabu, ambako Wagusii walinunua mashamba ya walowezi baada ya uhuru na kuyapata kwa vipande vikubwa. Borabu ndiyo kubwa zaidi kwa eneo miongoni mwa kaunti ndogo tano za Nyamira, na bado ndiyo yenye watu wachache zaidi: 73,167 mwaka 2019, ikilinganishwa na 167,267 wa Nyamira Kaskazini.

Ongezeko lenyewe lilikuwa la kasi. Wilaya ya Kisii ya zamani, ambayo ilijumuisha Nyamira ya leo, ilihesabiwa kuwa na watu wapatao 675,000 mwaka 1969, na miaka kumi baadaye walikuwa wamekaribia 870,000. Hicho ndicho kipindi ambacho mwanamke wa Kenya alitarajiwa kuzaa wastani wa watoto 8 maishani mwake, nao Wagusii walikuwa miongoni mwa waliotangulia. Mvua ya kutosha katika misimu miwili, udongo mzuri, uhaba wa malaria katika sehemu za juu, na baadaye zahanati na chanjo, vyote viliwafanya watoto wengi zaidi waishi. Mila nayo ilimpa heshima mwanamke kwa kadiri ya watoto wake, na mwanamume kwa ukubwa wa boma lake.

Ndipo tarakimu za Nyamira zinapostaajabisha. Mwaka 1999 ilikuwa na watu 498,102. Mwaka 2009 walikuwa 598,252, yaani ongezeko la zaidi ya watu laki moja katika mwongo mmoja. Mwaka 2019 walikuwa 605,576. Mwongo mzima ulileta watu 7,324 tu, ambao ni kama asilimia 1.2. Kisii iliongezeka kwa asilimia 10 hivi katika kipindi hicho hicho, na Kenya nzima kwa asilimia 23. Uzazi umepungua, kweli; uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha wastani wa chini ya watoto 4 kwa mwanamke katika kaunti zote mbili. Lakini watoto watatu au wanne kwa mama mmoja bado wanatosha kuongeza watu. Kilichobaki ni kwamba watu wanaondoka. Waliojitambulisha kuwa Wagusii kote nchini mwaka 2019 walikuwa 2,703,235. Hata kama kila mkazi wa kaunti hizi mbili angehesabiwa kuwa Mgusii, jambo ambalo si kweli, zaidi ya Wagusii 830,000 walikuwa wamelala kwingineko usiku huo wa sensa. Hao ni karibu watatu katika kila kumi.

Ili kuelewa kwa nini wanaondoka, na kwa nini wanaobaki ni wa aina fulani, ni lazima kuutazama muundo wa jamii yenyewe.

Kilima na ukoo

Wagusii hugawanyika katika makundi makubwa ya ukoo ambayo majina yake yangali kwenye ramani: Kitutu, Nyaribari, Mugirango, Bobasi, Machoge na Bonchari. Majimbo ya uchaguzi, isipokuwa Borabu peke yake, huitwa kwa majina hayo hadi leo, kwa hiyo hata mpiga kura asiyejali nasaba hupiga kura ndani yake. Chini ya makundi hayo kuna koo ndogo, na chini ya koo ndogo kuna matawi yaitwayo kwa Ekegusii amaiga, neno lenye maana ya mafiga. Tawi moja la ukoo ni watu wanaohesabu babu mmoja wa vizazi vitatu, vinne au vitano vilivyopita. Kwa kawaida tawi hilo ndilo linalokalia mteremko mmoja, na mteremko huo ndio serikali inauita kijiji na kuuwekea mzee wake chini ya naibu wa chifu.

Kwa hiyo wanaume wa kijiji kimoja, aghalabu, ni ndugu. Mzee wa miaka themanini na kijana anayeendesha bodaboda wanaweza kuitana kaka au baba na mwana kwa mujibu wa vizazi, si umri. Wanawake walioolewa, kinyume chake, wote wametoka nje, kwa sababu ni mwiko kuoa ndani ya ukoo. Kila mke analeta kijijini ukoo wake wa kuzaliwa, jamaa zake, na pengine dhehebu lake. Msomaji wa Kiswahili atafurahi kujua kwamba katika Ekegusii neno baba humaanisha mama, naye baba mzazi huitwa tata. Mgeni anayesikia mtoto akiita “baba” katika boma la Mgusii asitazamie mwanamume kutoka nje.

Si kila mkazi ni wa ukoo wenye ardhi. Tangu zamani walikuwapo abamenyi, yaani wakazi waliopokewa: waliokimbia ugomvi kwao, wakwe waliofuata binti yao, marafiki waliopewa mahali pa kulima. Walilima, wakaoa, wakazikwa hapo, lakini katika baraza sauti yao haikuwa sawa na ya wenyeji. Ardhi ilipoanza kuandikishwa kwa hati katika miaka ya 1960, baadhi yao waliandikishwa kuwa wenye mashamba na wengine wakasukumwa pembeni. Tofauti hiyo haisemwi hadharani siku za kawaida. Husemwa siku ya kugombea mpaka.

Hapa inafaa kulinganisha. Katikati ya miaka ya 1950 wanaanthropolojia Robert na Barbara LeVine waliishi miongoni mwa Wagusii na kuandika habari za jamii waliyoiita Nyansongo. Utafiti wao ulikuwa sehemu ya mradi uliolinganisha malezi ya watoto katika jamii sita duniani, na mojawapo ya jamii hizo ilikuwa ya Warajput wa Khalapur, kijiji cha kaskazini mwa India. Tofauti ya vijiji hivyo viwili ni ya kufunza. Khalapur ni kijiji cha nyumba zilizobanana, na wakazi wake wamepangwa kwa tabaka za kuzaliwa: Warajput wenye ardhi, Wabrahmani, mafundi, na chini kabisa wafagizi na watengeneza ngozi. Watu wa tabaka mbalimbali wanaishi pamoja na kutegemeana kwa kazi, lakini hawaoani. Kilima cha Wagusii hakina tabaka. Wote wanalima, na fundi au mganga analima vilevile. Lakini kina jambo moja sawa na Khalapur: binti huolewa nje, na mahali pake katika kijiji alichozaliwa huwa pa muda.

Nyumba

Kiini cha muundo huu si ukoo wala boma, bali ni nyumba, enyomba. Katika boma la mume mwenye wake kadhaa, kila mke alikuwa na nyumba yake, mashamba yake, na ng'ombe wake. Mume alibaki na shamba lake mwenyewe liitwalo emonga. Ng'ombe wa mahari waliopokewa kwa binti wa nyumba fulani walitumiwa kumwolea ndugu yake wa nyumba hiyo hiyo. Kuwachukua na kuwatumia kwa mwana wa mke mwingine kulikuwa ni kukopa, na deni lilikumbukwa hata kwa wajukuu. Ardhi nayo iligawanywa kwa nyumba. Nyumba yenye mwana mmoja ilipata fungu lake, na nyumba yenye wana watano ikapata fungu kama hilo, watano hao wagawane.

Chukua mfano wa kubuni. Mzee alikuwa na ekari kumi na mbili na wake watatu. Kila nyumba ikapata ekari nne. Nyumba ya kwanza ilikuwa na wana wanne, kila mmoja akapata ekari moja. Mmoja wao akazaa wana watatu. Kila mjukuu ana theluthi ya ekari, na hapo ajenge, apande migomba, afuge ng'ombe mmoja kwa kumkatia majani, na atafute ada ya shule. Binamu yake wa nyumba ya pili, ambayo ilikuwa na mwana mmoja tu, bado ana ekari yake na zaidi ng'ambo ya ua. Ni watu wa babu mmoja, wanakaa kijiji kimoja, wanahudhuria mazishi yale yale, na hawako sawa hata kidogo. Umaskini na utajiri wa vijiji vya Kisii na Nyamira mara nyingi ulianza hivyo, kwa hesabu ya wana, kabla ya elimu na mishahara kuingia.

Utaratibu huo haukuwa na kasoro ardhi ilipokuwa tele. Vijana walihamia kilima kilichofuata. Zamani walikaa kwanza katika ebisarate, kambi za kuchunga na kulinda ng'ombe, hadi Waingereza walipozivunja muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya hapo mipaka ya makabila ilifungwa kwa amri ya serikali: Wakipsigis upande mmoja, Wajaluo upande wa pili, Wamaasai kusini. Watu waliendelea kuzaana kama wenye nchi pana, ndani ya nchi iliyotiwa mipaka.

Wanaoondoka

Wa kwanza kuondoka walikwenda mashamba ya chai ya Kericho na miji ya Nakuru na Nairobi. Wengine walinunua au kukodi ardhi katika Bonde la Ufa na Trans Mara. Njia hiyo imekuwa na hatari yake. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Wagusii wengi walifukuzwa Bonde la Ufa, na mpaka wa Borabu na Sotik ukawa uwanja wa mapigano. Waliofukuzwa walirudi katika vilima ambako fungu lao lilikuwa limeshalimwa na ndugu, na wengine hawakuwa na fungu kabisa. Ndugu aliyewapokea alikuwa na ekari moja.

Njia nyingine ni shule. Mzazi asiye na ardhi ya kurithisha hurithisha elimu, na ndiyo maana ada hulipwa katika vijiji hivi kwa juhudi inayokaribia ukali. Majani ya chai yanayopelekwa Kebirigo, Nyankoba au Sanganyi, ndizi zinazoshushwa soko la Daraja Mbili, mawe laini yanayochongwa Tabaka, vyote huishia kwa kiasi kikubwa katika karo. Kijana aliyefaulu haendi kulima. Leo wako Wagusii wengi katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, hasa pembezoni mwa jiji la Minneapolis, na katika kilima chochote hakukosi nyumba ya matofali iliyojengwa kwa fedha za huko, ambayo mlango wake hufunguliwa mwezi wa Desemba.

Wanaobaki

Wanaoondoka zaidi ni wanaume walio katika umri wa kufanya kazi. Sensa ya 2019 ilipata wanawake 661,038 na wanaume 605,784 katika Kisii, yaani wanaume wasiofika 92 kwa kila wanawake 100. Nyamira wanawake walikuwa 314,656 na wanaume 290,907. Sensa hiyo ilikuwa ya kwanza nchini kuwahesabu huntha peke yao, nao walikuwa 38 Kisii na 13 Nyamira. Kwa hiyo, mchana wa siku ya kazi, kilima ni mahali pa akina mama, watoto wa shule, wazee, na vijana wa kiume waliokosa nauli ya kuondokea. Vikundi vya kulimiana kwa zamu, egesangio, ambavyo zamani vilikuwa vya majirani wote, sasa mara nyingi ni vikundi vya wanawake vilivyoungana na vyama vya kuweka akiba.

Makanisa nayo yamekata kilima kwa namna isiyofuata ukoo. Wakatoliki walifika Nyabururu na Waadventista Nyanchwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Walutheri wa Itierio na Wapentekoste walifuata. Katika kijiji kimoja nusu ya watu huenda hawalimi Jumamosi na nusu nyingine hawalimi Jumapili, na arusi hupangwa kwa kuzingatia hilo. Pengine hili limewasaidia wake waliotoka nje zaidi kuliko lilivyowasaidia wenyeji, kwa maana limewapa undugu ambao hautegemei mume.

Wanaoteseka zaidi ni wale ambao muundo wa nyumba haukuwawekea nafasi. Binti aliyeachika au aliyezaa bila kuolewa hurudi kwa wazazi, lakini mashamba ya mama yake yamekwisha hesabiwa kwa jina la ndugu zake. Katiba ya 2010 imekataza ubaguzi wa jinsia katika ardhi, na Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, haikumtenga binti. Sheria hizo zipo. Binti anayezitumia huwashtaki ndugu zake wa tumbo moja, kisha hurudi kukaa nao mita hamsini kutoka mlangoni. Wengi hawashtaki. Watoto wao wa kiume hukua katika kilima wakijua kwamba wao ni wa mama, na kwamba hawana mteremko.

Wajane wazee nao wako mashakani. Mei 2008 watu 11 waliteketezwa katika Kisii kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake wa umri mkubwa, na Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani kwa tuhuma kama hiyo. Imani ya uchawi ni ya kale na haielezeki kwa ardhi peke yake. Lakini mjane mwenye shamba, ambaye wanawe wako mbali, anakaa katikati ya watu wanaohitaji shamba, na haifai kulitazama jambo hili kana kwamba ni ushirikina mtupu usio na mrithi.

Orodha mbili

Sensa huwahesabu watu mahali walipolala usiku mmoja. Kwa kipimo hicho kijiji cha Nyamira kina watu fulani, na hawaongezeki. Mzee wa kijiji ana orodha nyingine. Mtu akifariki, orodha hiyo hutolewa, na kila mwana wa kilima aliye Nairobi, Nakuru, Mombasa au Minneapolis hutajwa kwa jina na kutumiwa ujumbe wa simu kuhusu mchango wa jeneza na usafiri. Asiyechanga huandikwa pia. Marehemu huletwa nyumbani, hata kama aliondoka miaka arobaini iliyopita, na huzikwa katika fungu la nyumba ya mama yake, ambalo kwa kaburi hilo hupungua kwa hatua chache zaidi. Katika vijiji kadhaa ndugu wameanza kujadili kutenga sehemu moja ya pamoja ya kuzikia. Mjadala huo mara nyingi hukwama katika swali la kwanza: itengwe katika shamba la nani?